Nani Anayesoma Ziwa Zima?

Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Busia, ukaupita uwanja wa ndege, hukawii kufika Otonglo. Wakenya wengi walilisikia jina hili mwaka 2013, mwanafunzi mmoja wa sekondari alipolitaja jukwaani katika masimulizi yaliyochekesha nchi nzima. Kwa wakazi wake ni kituo cha matatu na bodaboda, maduka, vibanda vya samaki wa kukaanga, nyumba za kupanga zinazozidi kuota, na Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria upande wa kusini. Mbele kidogo ni Kisian, penye kituo kikubwa cha taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ambako malaria imechunguzwa kwa miaka mingi. Nyuma, mjini Kisumu, wako watafiti wa samaki wa KMFRI na makao makuu ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria. Ukizidi kwenda na barabara unafika Chuo Kikuu cha Maseno. Ng'ambo ya ghuba, Mbita, kipo kituo cha wataalamu wa wadudu cha ICIPE.

Wasomi wote hao wanatazama maji yaleyale. Kila mmoja ana maabara yake, wafadhili wake, jarida lake na mkutano wake wa mwaka. Mkazi wa Otonglo hana idara. Mbu wa usiku, bei ya omena, maji ya kisima, shamba lililovamiwa na gugu la kayongo na karo ya mtoto vinamfikia vyote kwa mlango mmoja.

Hoja yangu ni kwamba madhara makubwa yaliyolipata ziwa hili katika miaka mia iliyopita hayakuletwa na ujinga. Karibu kila mara alikuwepo mtu aliyejua. Kilichokosekana ni mahali ambapo ujuzi wake ungelazimika kusikilizwa na mwingine aliyeshika fedha, sheria au kipande kingine cha ujuzi. Ubobezi umetugawa, na walioumizwa zaidi na mgawanyiko huo ni wanaoishi pale ambapo hakuna mbobezi anayepahesabu kuwa pake.

Lakini ubobezi una ushindi wake, na si haki kuuficha. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Kisian na wenzao wa Marekani waligawa vyandarua vilivyotiwa dawa katika vijiji vya Asembo na Gem, Siaya, kisha wakahesabu vifo vya watoto mwaka baada ya mwaka. Wakati huo wataalamu wengi walishuku kwamba vyandarua havingefaa mahali penye mbu wengi hivyo. Vilifaa. Tena ikaonekana kwamba hata waliolala bila chandarua walipata kinga, mradi nyumba yao iwe ndani ya mita 300 hivi kutoka nyumba zenye vyandarua. Jambo kama hilo haligunduliwi na mtu mwenye maoni kuhusu kila kitu. Linataka watu waliokaa na swali moja mpaka likakubali kujibiwa, na wako watoto wengi kando ya ziwa hili, leo watu wazima, wanaoishi kwa sababu ya subira hiyo.

Kisha vyandarua vikafika ufuoni. Mwaka 2008 Noboru Minakawa na wenzake walichapisha waliyoyaona katika vijiji vya wavuvi: vyandarua vya malaria vimetandazwa chini, omena wakianikwa juu yake, na vingine vimegeuzwa nyavu. Mtu wa afya aliyaona hayo akasema ni ukosefu wa elimu, akaagiza mabango zaidi. Afisa wa uvuvi aliona kosa la kisheria, kwa kuwa matundu madogo vile huzoa hata vifaranga wa samaki. Mwanamke aliyeanika alikuwa na hesabu nyingine. Omena wa mchangani hupata chembe za mchanga na bei yake hushuka, ilhali juu ya chandarua hukauka upesi na kubaki safi. Alichohitaji ni chanja ya kuanikia. Wizara ya afya hainunui chanja za omena, na idara ya uvuvi haina hesabu ya homa za watoto. Hitaji lake, dogo na rahisi kulitimiza, lilianguka katikati ya ofisi mbili zenye watu waadilifu.

Mfano mkubwa kuliko wote ni mbuta, ambaye Tanzania huitwa sangara. Michael Graham alipofanya uchunguzi wa samaki wa ziwa zima mwaka 1927 na 1928, alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine ni hatari kubwa iwapo utafiti wa kina haujatangulia. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mwanabiolojia aliyebobea katika samaki wa maziwa ya Afrika, aliandika kuupinga mpango wa kumleta mbuta. Upande wa pili walisimama maafisa wa uvuvi waliojiona wanatazama mbali zaidi. Fulu, vijisamaki wa asili wa ziwa hili, walisema, ni wadogo, wana miba mingi na soko lao ni duni. Mbuta angewala na kugeuza nyama hiyo isiyo na thamani kuwa samaki wa kuuzika. Na wakati mjadala ukiendelea kwenye karatasi, mbuta walikuwa wameshaingizwa kimyakimya upande wa Uganda katika miaka ya 1950. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaongezwa wengine rasmi, Kisumu ikiwamo.

Anayetaka jibu jepesi hukwama hapa. Aliyesema kweli ni mbobezi wa vijisamaki. Aliyekosea ni yule aliyejidai kuona picha kubwa: chakula, biashara, maendeleo. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba upana wa mawazo pekee ungaliliokoa ziwa. Picha kubwa ya wakati huo ilikuwa na shimo mahali penye fulu, na aliyelijua shimo hilo hakuwa na kura.

Baada ya kimya cha takriban miaka 20, mbuta walilipuka katika miaka ya 1980. Fulu, waliokadiriwa kuwa zaidi ya spishi 500, wengi wao wasiopatikana penginepo duniani, wakaanza kutoweka. Takriban spishi 200 zilikuwa hazionekani tena ndani ya muda mfupi. Wakati huohuo viwanda vya minofu vikafunguliwa Kisumu, ndege zikabeba samaki kwenda Ulaya, na nyumba za mabati zikachukua nafasi ya zile za nyasi. Maelfu walipata kazi. Anayetoka nje kuja kuomboleza fulu bila kutaja karo zilizolipwa na mbuta naye amesoma ukurasa mmoja tu.

Yaliyofuata hayakuwa ya fani yoyote. Fulu walikaushwa kwa jua. Mbuta ana mafuta mengi, hivyo hukaushwa kwa moshi au hukaangwa, na kuni zikaanza kukatwa katika vilima vya ufuoni na visiwani. Suala la samaki likawa la misitu. Viwanda viliponunua mbuta wote wazuri, kina mama wachuuzi walisukumwa nje ya biashara waliyoirithi kwa mama zao, na wengi wakabaki na mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa. Hukaangwa na kuuzwa katika mitaa kama Obunga. Suala la misitu likawa pia la lishe, kwa kuwa protini ilikuwa inaruka angani huku watoto wa karibu na ziwa wakila mabaki. Samaki walipoadimika, mwanamke asiye na mashua alilazimika kumpendeza mvuvi ili apate wa kuuza, na desturi hiyo ya kubadilishana ngono kwa samaki, jaboya, ikashika mizizi pale pale Ukimwi ulipokuwa ukiua. Likawa la hospitali.

Hebu fikiria mtu mmoja angeulizwa mwaka 1962 kama kuongeza samaki ziwani kungeweza kugusa miti, lishe na magonjwa ya zinaa. Angecheka, na hakuna ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza. Hata janga lilipokwisha kuonekana, kila ofisi ilichukua kipande chake: kampeni ya kondomu hapa, miche ya miti kule, sheria ya matundu ya nyavu kwingine. Ndiyo sababu nauthamini sana mradi ulioanza mwaka 2011 katika bichi ya Nduru, Nyakach, wa kuwapatia wanawake mashua zao wenyewe. Waliouanzisha walikataa kulitenga suala la ugonjwa na suala la mali. Mafuriko ya mwaka 2020, ziwa lilipopanda likafikia kiwango kisichoonekana tangu 1964, yalikifunika kijiji hicho na kuwatawanya watu wake. Hata suluhisho lililounganisha vipande viwili lilikuwa na cha tatu kilichobaki nje.

Wanasayansi nao walikuwa na ugomvi wao juu ya fulu. Wataalamu wa samaki walimlaumu mbuta. Wataalamu wa kemia ya maji walionyesha kwamba ziwa lenyewe limebadilika: mbolea, kinyesi na udongo vimerutubisha mwani, maji yamekuwa kama supu, na chini kabisa oksijeni imekwisha. Tope lililotolewa sakafuni mwa ziwa na kusomwa tabaka kwa tabaka lilionyesha kwamba mabadiliko hayo yalianza tangu miaka ya 1930 hivi, mashamba na watu walipoongezeka, kabla mbuta hajafika. Kwa miaka kadhaa pande hizi mbili ziliandika kana kwamba moja lazima ishinde.

Kisha mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake wakaleta jambo ambalo halikuwa la upande wowote. Madume ya fulu yana rangi kali, mengine buluu, mengine mekundu, na majike huchagua kwa macho. Maji yakiwa na tope, rangi haionekani sawasawa, majike hukosea, na spishi zilizotengana kwa maelfu ya miaka huchanganyika hadi kuwa kitu kimoja cha kijivu. Ili kuliona hilo ilibidi mtu ajue samaki, ajue mwanga unavyosafiri majini, na akubali kwamba mkulima wa Nandi ana uhusiano na ndoa za fulu. Mto Nyando huushusha udongo wa Nandi na Kericho hadi ghubani, ukipita kwenye mashamba ya miwa ya Muhoroni na Chemelil. Mtafiti wa samaki asiyepanda milima hiyo ataendelea kuhesabu maiti.

Gugumaji lilirudia somo hilo kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 1998 lilifunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Meli zilikwama bandarini na bichi nzima zikafungwa. Wadudu aina ya fukusi wa gugu hilo walikuwa wameanza kuachiliwa upande wa Kenya mwaka 1997, na miaka michache baadaye gugu lilipungua sana. Wataalamu wa wadudu wakasema ni fukusi. Wengine wakasema ni mawingu na dhoruba za El Niño za 1997 na 1998. Wenye mashine za kuliondoa walikuwa na madai yao. Wakati wanagombea sifa, mito iliendelea kuleta chakula cha gugu, na baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006 likarudi. Jambo moja halikutajwa sana mikutanoni: chini ya gugu hilo kamongo na mumi walipata maficho, na wapo wavuvi waliopata kitoweo kizuri katika miaka ileile ambayo wa omena na mbuta walilia. Wavuvi wenyewe hawakuwa kundi moja, na aliyewahoji wa bichi moja aliondoka na ukweli wa bichi moja.

Kisa cha Mbita ni kifupi. Katika miaka ya 1980 wahandisi waliunganisha Kisiwa cha Rusinga na bara kwa tuta la mawe na udongo. Kwa barabara, kazi ilikuwa safi. Kwa maji, lilikuwa kufuli katika mlango mmoja wa ghuba: mkondo ulisimama, taka zikatuama, na samaki wakapoteza njia. Iliwachukua wakazi na watafiti zaidi ya miaka 30 ya kulalamika ndipo daraja likajengwa na maji yakapita tena.

Kwa nini tunaendelea hivi? Sababu moja ni historia. Kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, kilichoanzishwa mwaka 1947, kilikuwa cha Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ziwa likagawanywa katika taasisi tatu za nchi tatu, kana kwamba sangara wa Mwanza hawi mbuta akivuka mpaka. Mkataba wa kuunda shirika la pamoja la uvuvi ulitiwa saini Kisumu mwaka 1994. Kwa miaka 17 kila nchi ilikuwa imesoma kipande chake, na cha Kenya ni asilimia 6 tu ya maji. Siku hizi kaunti tano za Kenya zinapakana na ziwa, na kila moja ina idara zake.

Sababu ya pili ni mshahara. Mtafiti hupandishwa cheo kwa makala yanayosomwa na wenzake wachache wa fani yake. Akitumia mwaka mzima akikaa na wauza omena, maafisa wa afya na wahandisi wa maji taka, mwaka huo hauna pa kuandikwa katika fomu ya tathmini. Fedha za mradi nazo zina vifungu. Ukinunua chanja kwa fedha za malaria, mkaguzi atakuuliza. Adam Smith, aliyeusifu mgawanyo wa kazi mwaka 1776 kwa mfano wa kiwanda cha pini, katika kitabu hichohicho alionya kwamba anayefanya kitendo kimoja maisha yake yote hupoteza uwezo wa kufikiri mapana. Tumelibeba nusu ya fundisho lake.

Sababu ya tatu inauma zaidi: ubobezi umekuwa daraja la heshima. Mikutanoni mwenye shahada hukaa mbele, na mama anayejua omena wa mwezi mchanga na wa mwezi mpevu, anayejua ni mto upi umeleta maji mekundu mapema mwaka huu, huitwa "mdau" na kupewa soda. Maarifa yake ni mapana kwa sababu maisha yake hayakumruhusu kuwa na maarifa membamba. Hayatoshi, kwa kuwa hawezi kupima oksijeni ya chini wala kuviona virusi kwa macho. Lakini ndiye pekee katika chumba kile ambaye vipande vyote vimempitia mikononi.

Pia sitaki kumsifu mtu wa juujuu. Ufuo huu umeona wengi wa aina hiyo: mtaalamu wa mikakati anayeshuka uwanja wa ndege asubuhi na kuondoka jioni, mwanasiasa mwenye jibu la gugumaji, malaria na ajira katika hotuba moja. Upana usio na kina ndio uliotuletea mbuta.

Upana ninaoutetea niliuona vizuri zaidi katika kazi ya Thomas Odhiambo. Alisoma Maseno, Makerere na Cambridge, akabobea katika wadudu, na mwaka 1970 akaanzisha ICIPE. Aliandika pia hadithi za watoto. Aliamini kwamba sayansi ya Afrika iwe ya kiwango cha dunia na wakati huohuo ijue mkulima anakula nini. Katika kituo cha Mbita alichokiacha ndiko mbinu ya vuta sukuma ilikozaliwa katika miaka ya 1990, chini ya Zeyaur Khan na wenzake. Walikuwa wakitafuta dawa ya viwavi wanaotoboa mashina ya mahindi: desmodiamu ipandwe katikati ya mahindi iwafukuze wadudu kwa harufu, nyasi za nepia zipandwe ukingoni ziwavute. Mashambani wakaona kitu ambacho hawakukiwinda. Palipokuwa na desmodiamu, kayongo lilififia, na gugu hilo ndilo linaloua mahindi ya Nyanza kuliko mdudu yeyote. Mtaalamu wa wadudu angeweza kusema kwamba magugu ni ya idara nyingine. Hawakusema hivyo, wakafuatilia kemia ya mizizi, wakasikiliza wakulima waliopenda mbinu hiyo kwa sababu ya tatu kabisa, kwamba desmodiamu na nepia ni chakula cha ng'ombe. Shamba moja likapata mahindi, maziwa na udongo bora. Kina chao katika wadudu hakikupungua kwa kuangalia pembeni.

Kizazi cha Odhiambo kilikuwa na watu wengi wa namna hiyo. Grace Ogot alikuwa muuguzi, mtangazaji, mwandishi wa riwaya na mbunge wa Gem, na mgonjwa katika hadithi zake anaeleweka hivyo kwa sababu mwandishi alikwisha kumhudumia mgonjwa wa kweli. Leo mtaala wa umilisi unawataka vijana waingiapo sekondari ya juu wachague mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Ninaelewa sababu zake, na wapo watoto watakaonufaika. Hata hivyo naogopa kuona mtoto wa miaka 15 wa Otonglo akiambiwa kwamba maji ya ghuba ni ya mkondo wa kwanza na watu wanaoyanywa ni wa mkondo wa pili.

Uamuzi mkubwa unaokuja uko mbele yetu tayari: vizimba. Katika miaka kumi hivi iliyopita maelfu ya vizimba vya kufugia samaki vimejaa katika hori za upande wa Kenya. Vinaleta chakula na ajira, na samaki wa ziwa wamepungua kiasi kwamba vinahitajika. Lakini hupendwa mahali palipo na utulivu, karibu na ufuo, na mara nyingi hapo ndipo samaki wa ziwa huzalia na maji hayazunguki vizuri. Mabaki ya chakula huongeza rutuba ileile inayolisha mwani. Chakula chenyewe mara nyingi kina omena, samaki wa maskini. Mwishoni mwa 2022, wafugaji wa upande wa Kisumu waliamka wakakuta samaki wao wanaelea kwa wingi, na wengi walikuwa na mkopo.

Kwa sasa mwenye vizimba hukusanya sahihi: kaunti, mamlaka ya mazingira, watu wa uvuvi, uongozi wa bichi. Kila mmoja husaini anachokijua, na hakuna anayesoma karatasi ya mwenzake. Ningependa kibali kisitolewe kwa sahihi za kuzungushwa bali kwa kikao kimoja, ufuoni, Usoma au popote vizimba vitakapotiwa, siku ambayo wauza omena hawaendi sokoni. Mtu wa kemia ya maji aeleze oksijeni mbele ya mkopeshaji. Mtu wa afya aeleze konokono wa kichocho mbele ya mwenye shamba la mtoni. Yule mama wa omena aulizwe kwanza, kabla ya slaidi. Wasipokubaliana, kutokubaliana kwao kuandikwe katika kibali chenyewe, kwa Kiswahili na Dholuo, pamoja na jina la ofisi itakayopima maji kila mwezi na bajeti ya kuyapima.